Kichwa cha Mfupa, Mwili wa Makadirio: Uchambuzi wa Modeli ya Dunkleosteus Iliyotengenezwa Mbeya

Kisa ninachokichambua hapa kinahusu modeli moja ya jasi, yenye urefu usiofika sentimita 70, iliyotengenezwa jijini Mbeya kwa ajili ya maabara ya biolojia ya shule moja ya sekondari. Modeli hiyo inamwonesha Dunkleosteus, samaki mkubwa mwenye deraya ya mfupa aliyeishi baharini mwishoni mwa Kipindi cha Devoni, yapata miaka milioni 360 iliyopita. Mwalimu aliyeiagiza alitaka kitu ambacho wanafunzi wanaosoma mageuzi ya wanyama wenye uti wa mgongo wangeweza kukishika, kukigeuza na kukichungulia mdomoni. Fundi aliyepewa kazi ni fundi wa jasi wa Mwanjelwa, kijana ambaye riziki yake ya kila siku ni kupamba dari na kumimina maua ya pembe za sebule, na ambaye mkono wake ukiingia kwenye udongo ni wa kuaminika kuliko wa watu wengi waliosomea uchongaji. Mimi nilikabidhiwa utafiti, yaani kumweleza fundi, kiungo kwa kiungo, mnyama huyu alikuwaje.

Ugumu wa kazi hii ulionekana mapema. Nusu ya mbele ya Dunkleosteus inajulikana vizuri kuliko ya wanyama wengi wa kale, kwa sababu kichwa na kifua chake vilifunikwa na mabamba manene ya mfupa ambayo yamehifadhiwa kwa wingi. Nusu ya nyuma ilikuwa na kiunzi laini, sehemu kubwa ikiwa ni gegedu, na gegedu huoza kabla ya tope kugeuka jiwe. Mwandishi wa kitabu anaweza kulitaja jambo hilo kwa sentensi moja akaendelea na mengine, na mchoraji anaweza kuuzamisha mkia katika giza la maji. Mtengeneza modeli hana nafasi hiyo. Siku tulipofika nyuma ya kifua fundi aliweka kisu chini, akaniambia, “Mwalimu, hapa siwezi kuacha tundu. Niweke nini?” Kwa maoni yangu swali hilo ndilo kiini cha utafiti wote wa aina hii. Mtafiti anayemhudumia fundi hatakiwi kumletea vipimo peke yake. Kila kipimo anatakiwa kukiambatanisha na uzito wa ushahidi unaokibeba, ili mahali pa mfupa papewe heshima ya mfupa na mahali pa makadirio pajulikane kuwa ni makadirio.

Mnyama na mabaki yake

Mabaki yaliyomjulisha ulimwengu yalitoka katika miamba myeusi ya tope gumu huko Ohio, Marekani, kando ya Ziwa Erie. Mwaka 1867 mkazi wa eneo hilo, Jay Terrell, alikusanya mifupa iliyokuwa ikichomoza kwenye magenge ya ufuko, na mwaka 1873 mwanasayansi John Strong Newberry akamwita mnyama huyo Dinichthys terrelli. Jina la Dunkleosteus lilikuja mwaka 1956, lilipotolewa na Jean-Pierre Lehman kwa heshima ya mtaalamu wa visukuku David Dunkle. Katika miaka ya 1960, ujenzi wa barabara kuu magharibi mwa jiji la Cleveland ulikata miamba hiyo hiyo na kufichua visukuku vingi zaidi, ambavyo vilihifadhiwa katika makumbusho ya historia ya asili ya jiji hilo. Enzi za mnyama huyu, eneo hilo lilikuwa sehemu ya bahari ya kina kifupi iliyoingia bara, na tope la chini yake lilikuwa na oksijeni kidogo sana.

Mkuu wa shule aliuliza kwa nini tusimchague mnyama wa kwetu, na swali lake lilistahili jibu kamili. Miamba ya Bonde la Rukwa, safari fupi kutoka Mbeya, imetoa Rukwatitan, dinosauri mla majani aliyetangazwa mwaka 2014, na Shingopana songwensis aliyetangazwa mwaka 2017, ambaye jina lake la pili linabeba jina la Songwe. Bonde la Ruhuhu, upande wa Ludewa na Songea, lina mabaki ya reptilia na jamaa zao wa kale zaidi ya hapo. Hazina hiyo ni kubwa, nami natamani kila shule ya nyanda hizi ingekuwa na modeli ya angalau mmoja wao. Hata hivyo hao wote ni wanyama wa nchi kavu, ilhali mada iliyomsumbua mwalimu darasani ilikuwa asili ya taya, na kwa mada hiyo samaki wa Devoni ndiye shahidi anayefaa.

Suala la urefu

Karatasi ya maagizo iliandikwa “mita 10, uwiano wa 1 kwa 10”, ili modeli iwe na urefu wa mita moja na ilingane na kabati la kioo lililokuwa tayari. Mita 10 si takwimu ya kubuni. Imechapishwa mara nyingi, na makadirio ya zamani yalitofautiana kati ya mita 5 na 10. Nilipofuatilia takwimu hizo zilitoka wapi, niliona kwamba nyingi zilianzia kwenye kichwa, zikampa mnyama mwili wa samaki mwingine, kisha zikarudiwa na waandishi waliofuata bila kupimwa upya. Utafiti makini wa Humberto Ferrón na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, ulitumia mzingo wa taya la juu ukilinganishwa na papa, ukafikia karibu mita 7 kwa mnyama mkubwa kabisa.

Mwaka 2023 Russell Engelman, mtafiti wa chuo kikuu cha Case Western Reserve huko Cleveland, alichapisha uchambuzi uliolibadilisha suala zima. Hoja yake ya kwanza ni kwamba samaki wa jamii ya Dunkleosteus walikuwa na mdomo mpana kuliko papa wa ukubwa uleule, hivyo mtu akikisia mwili kwa kupima mdomo atapata mwili mrefu kupita kiasi. Hoja yake ya pili ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa sababu fundi yeyote anaweza kuielewa na kuitumia. Alipima umbali kutoka ukingo wa mbele wa tundu la jicho hadi ukingo wa nyuma wa kifuniko cha matamvua. Nafasi hiyo inabeba ubongo na matamvua, viungo ambavyo ukubwa wake hauwezi kuachana mno na ukubwa wa mwili unaovitegemea, wakati pua na mdomo hurefuka au kufupika kulingana na chakula cha samaki. Alikilinganisha kipimo hicho katika samaki wengi wa aina mbalimbali, wakiwamo jamaa wa Dunkleosteus ambao miili yao inajulikana, na matokeo yakaonesha kwamba Dunkleosteus wa kawaida aliyekomaa alikuwa na urefu wa takriban mita 3.4, na mkubwa kabisa takriban mita 4.1.

Mtu akiisoma habari hiyo kwa haraka anaweza kudhani kwamba modeli inapunguzwa tu kwa uwiano mmoja kila upande. Sivyo, na hapa ndipo mtengeneza modeli anapohitaji utulivu. Mabamba ya mfupa yana vipimo vyake na hayakupungua hata milimita moja kwa sababu ya makala mpya. Kilichopungua ni ule urefu wa nyuma ya deraya, ambao haukuwahi kuonekana na mtu. Matokeo yake ni kwamba mnyama anabadilika umbo: kichwa kinachukua sehemu kubwa zaidi ya mwili, kiwiliwili kinakuwa kifupi na kinene, na samaki aliyezoeleka kuchorwa na mwili mrefu unaoelekea kwa mkunga anasogea kwenye umbo la jodari.

Tuliamua kufuata mita 3.4 kwa uwiano wa 1 kwa 5, ambao unatoa sentimita 68. Mwalimu alihuzunika kidogo, akisema wanafunzi wangeona samaki amepungua hadhi. Nilimweleza kwamba samaki wa mita 3.4 mwenye unene huo alikuwa na uzito wa takriban tani moja, na kwamba kwa uwiano mpya kichwa chenyewe kingekuwa kikubwa mara mbili ya kile ambacho kingetengenezwa kwa uwiano wa 1 kwa 10, jambo ambalo lingewawezesha wanafunzi kuona viungo vya taya bila kioo cha kukuzia. Hoja hiyo ya pili ndiyo iliyomridhisha.

Mdomo

Sehemu hii ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote, na nadhani ndivyo ilivyostahili, kwa maana ndiyo sababu ya modeli kuagizwa.

Dunkleosteus hakuwa na meno kama ya papa au ya sangara. Kilichofanya kazi ya meno kilikuwa mifupa yenye makali: taya la juu lilibeba jozi mbili za mabamba, moja mbele na nyingine nyuma yake, na taya la chini lilikuwa na jozi moja ya mifupa mirefu. Mabamba ya mbele, juu na chini, yaliinuka kuwa ncha kali zinazofanana na chonge, na nyuma ya ncha hizo kulikuwa na makali ya kukatia. Makali ya juu na ya chini yalisuguana kila mdomo ulipofungwa, yakajinoa yenyewe kama mapanga ya mkasi yanavyokwanguana, na mifupa iliendelea kukua kadiri ilivyolika. Kwa fundi, maelezo hayo yana matokeo ya moja kwa moja. Haifai kuweka meno mojamoja yaliyopandwa kwenye ufizi. Haifai pia kufanya ncha za juu na za chini zikutane uso kwa uso, kwa kuwa zinapaswa kupishana. Picha nyingi zinazozunguka mitandaoni zinakosea katika jambo hili, na fundi aliyeanza kwa picha alikuwa tayari amefinyanga safu ya meno kabla ya kukabidhiwa michoro ya mifupa.

Tulijadiliana kwa kirefu kama mdomo uwe wazi au umefungwa. Fundi alipendelea uwe wazi kabisa, nami nilikubaliana naye kwa sababu ya kisayansi. Samaki wa kundi hili walikuwa na kiungo kila upande mahali ambapo ngao ya kichwa hukutana na ngao ya kifua: kifundo kwenye bamba la kifua kiliingia katika shimo la bamba la nyuma ya kichwa. Kwa hiyo mnyama alipofungua mdomo, taya la chini lilishuka na wakati huohuo kichwa kizima kikainuka. Philip Anderson na Mark Westneat, katika utafiti wao wa mwaka 2007, waliuchambua mfumo huo kama mashine ya vipande vinne vilivyounganishwa kwa viungo, wakakadiria kwamba mdomo uliweza kufunguka ndani ya sehemu moja ya 50 ya sekunde, kasi inayotosha kuyavuta maji pamoja na windo. Nguvu ya kuuma waliikadiria kuwa zaidi ya nyutoni 4,400 kwenye ncha za mbele na zaidi ya nyutoni 5,300 kwenye makali ya nyuma.

Hivyo basi, modeli yenye mdomo wazi ilhali kichwa kimelala sawa na mgongo ni modeli isiyo sahihi, hata kama kila bamba limefinyangwa kwa uaminifu. Tulitengeneza kichwa kikiwa kimeinuka kwa kiasi, na nyuma yake pakabaki upenyo kati ya ngao mbili. Upenyo huo haukuwa mtupu katika mnyama aliye hai. Ulijazwa na misuli ya shingo na kufunikwa na ngozi. Tunaweza kusema hivyo kwa ujasiri kwa sababu visukuku vya Gogo, huko magharibi mwa Australia, vimehifadhi misuli ya samaki wa jamii hii, na utafiti ulioongozwa na Kate Trinajstic, uliochapishwa mwaka 2013, ulionesha kwamba walikuwa na misuli imara ya kushusha kichwa. Fundi aliujaza upenyo kwa mikunjo myembamba ya ngozi iliyobanwa na kichwa kilichoinuka.

Macho, mashavu na ngozi

Katika mabaki ya Dunkleosteus, kila jicho lina pete ya mfupa iliyoundwa na vipande vinne. Watengeneza modeli wengi huiweka pete hiyo nje, ikilizunguka jicho mithili ya fremu. Pete ya namna hiyo kwa wanyama waliopo leo, wakiwamo ndege na mijusi, hukaa ndani ya ukuta wa jicho lenyewe na haionekani mnyama akiwa hai. Nilimwomba fundi atengeneze jicho la kawaida, laini, lenye mboni, na aisahau pete hiyo isipokuwa kwa namna ilivyosaidia kukadiria ukubwa wa jicho lenyewe.

Matamvua yalihitaji uangalifu wa aina nyingine. Mazoea ya kumfikiria papa kila linapotajwa joka la baharini humfanya mtu achore mistari mitano shingoni. Dunkleosteus alikuwa na uwazi mmoja kila upande, kati ya shavu la mfupa na ngao ya kifua, uliofunikwa na bamba. Tulifanya uwazi huo uwe mwembamba na mrefu, ukifuata ukingo wa ngao.

Kuhusu ngozi, mabamba haya ni mifupa iliyojiunda ndani ya ngozi, na juu yake inaonekana mifereji myembamba iliyobeba mfumo wa hisia wa kutambua mtikisiko wa maji. Swali lilikuwa jinsi ya kuonesha mfupa uliofunikwa na ngozi bila kuupoteza mfupa wala ngozi. Hapa sokoni Mwanjelwa palikuwa na msaada ambao hakuna makala ingeweza kuutoa. Kambale ana kichwa kigumu kilichoezekwa kwa mifupa, na ngozi yake imelala juu ya mifupa hiyo ikiwa nyembamba sana, bila nyama katikati, kiasi kwamba mishono ya mifupa huhisika kwa kidole na kuonekana mwanga ukipiga kwa upande. Fundi alimnunua mmoja mzima, akamweka mezani, akajifunza jinsi mwanga unavyotembea juu ya kichwa chake. Ni lazima niseme kwamba kambale hana ukaribu wowote wa pekee na Dunkleosteus, na umbo lake halikupaswa kuingia katika modeli; alichotufundisha ni tabia ya ngozi juu ya mfupa, basi. Mtafiti anayemkabidhi fundi kielelezo cha mnyama aliye hai hana budi kumwambia waziwazi ni jambo gani achukue na ni jambo gani aliache.

Juu ya jambo hilohilo la vielelezo, niliweka sharti kwamba michoro ya wasanii isitumike kama chanzo cha vipimo. Msanii hunakili kwa msanii, na kosa la mtu mmoja likishapita mikono kadhaa huonekana kuwa jambo lililokubaliwa na wote. Tulitumia michoro ya mabamba inayoonesha kichwa kwa ubavu, kwa juu na kwa mbele, tukaichorea miraba, kisha fundi akahamisha kila mraba kwa kipimo chake. Hata picha halisi za vichwa vilivyomo makumbusho zilitumiwa kwa tahadhari, kwa sababu mifupa mingi ililazwa na uzito wa tope, na upana wa kichwa kilichounganishwa upya unategemea uamuzi wa aliyeyaunganisha mabamba. Ni faraja kwa mtu wa Mbeya anayesoma kwa simu na kifurushi kidogo kwamba makala ya Ferrón ya mwaka 2017 na ya Engelman ya mwaka 2023 ziliwekwa wazi kwa wasomaji wote bila malipo, zikiwa na michoro yake.

Nyuma ya deraya

Narudi sasa kwenye lile swali la fundi. Kwa miongo mingi jibu la kawaida lilikuwa Coccosteus, samaki mdogo wa kundi hilohilo kutoka Scotland, mwenye urefu wa sentimita 20 hadi 40, ambaye mabaki yake yamehifadhi mwili mzima: deraya mbele, pezi moja la mgongoni, na mkia mrefu mwembamba. Waliomchora Dunkleosteus walimkuza Coccosteus. Ila Coccosteus aliishi katika maji ya bara na ya kando, akiogelea karibu na chini, wakati Dunkleosteus alikuwa mwindaji wa bahari pana. Na katika samaki waliopo leo, mkia hufuata maisha ya mnyama kuliko unavyofuata ukoo. Ferrón na wenzake walitumia hoja hiyo kupendekeza mkia wenye ncha mbili zilizotanuka. Mwaka 2022 hoja hiyo ilipata ushahidi wa mwamba, pale Melina Jobbins na wenzake walipomtangaza Amazichthys kutoka Morocco, samaki wa kundi hilohilo na wa zama zilizokaribiana na Dunkleosteus, ambaye umbo la mwili wake limehifadhiwa pamoja na mkia wa mwezi mchanga.

Kwa hiyo mkia wa modeli yetu ulipewa umbo la mwezi mchanga, ncha ya juu ikiwa ndefu kidogo kuliko ya chini. Ninauhesabu kuwa ni makadirio yenye nguvu, kwa maana yanasimama juu ya jamaa aliyehifadhiwa na juu ya maisha ya mnyama mwenyewe. Pezi la mgongoni nililiweka daraja la chini zaidi, kwa kuwa linategemea jamaa peke yao. Mapezi ya kifuani yana msingi bora, maana deraya yenyewe inaonesha mahali yalipotokea. Ngozi ya nyuma tuliifanya laini bila magamba.

Jinsia pia ililazimika kuamuliwa, jambo ambalo mwalimu hakulitarajia. Visukuku vya Gogo vimeonesha kwamba baadhi ya samaki wa kundi pana la wenye deraya walizaa watoto hai: Materpiscis, aliyetangazwa mwaka 2008, alikutwa na kijusi na kitovu chake, na mwaka 2009 vijusi viliripotiwa katika Incisoscutum, ambaye ni jamaa wa karibu zaidi wa Dunkleosteus. Samaki wa namna hiyo hutungisha mimba ndani ya mwili, na dume huwa na kiungo cha kufanyia hivyo. Umbo la kiungo hicho kwa Dunkleosteus halina mfupa wa kulishuhudia, basi tukatengeneza jike.

Rangi ilimalizwa kwa kikao kimoja: mgongo wa kijivu kilichokolea na tumbo jeupe, mpangilio unaopatikana kwa samaki wengi wa bahari ya wazi wa leo, bila madoa wala mistari ambayo ingemfanya mwanafunzi adhani kuna aliyeiona.

Jinsi uamuzi ulivyoingia kwenye jasi

Modeli ya kwanza ilifinyangwa kwa udongo ulioletwa kutoka upande wa Kyela, ambako wanawake wa Kikisi wa Ikombe wamejenga sifa ya vyungu vyao kwa vizazi. Udongo huo hushika mstari mwembamba bila kupasuka haraka, sifa iliyohitajika sana kwa mifereji ya hisia kichwani. Juu yake fundi alimimina kalibu, na ndani ya kalibu akamimina jasi iliyochanganywa na nyuzi za katani, ujuzi uleule anaoutumia kwenye dari. Alisubiri upepo mkavu wa Juni kabla ya kupaka rangi, kwa kuwa jasi inayofanywa Mbeya wakati wa mvua hubaki na unyevu moyoni na rangi hubanduka.

Pendekezo langu lililokuwa na uzito zaidi kwangu halikuhusu kiungo chochote cha mwili. Niliomba modeli imiminwe kwa vipande viwili, vikiungana nyuma tu ya ngao ya kifua kwa boliti, mahali hasa ambapo ushahidi wa mfupa unakoma. Fundi alilipinga mwanzoni kwa sababu mshono ungeonekana, na mafundi wa dari hufundishwa kwamba mshono ni aibu. Nilimjibu kwamba mshono huu ni taarifa. Mwanafunzi akiuona atauliza, na mwalimu atamwonesha kwamba mbele ya mstari huo anatazama mfupa uliopimwa, na nyuma yake anatazama hoja. Na siku kisukuku chenye mwili kamili kitakapochimbwa, shule haitalazimika kuvunja kichwa ambacho hakina kosa. Itafungua boliti na kuagiza nusu mpya. Fundi alikubali, akausafisha mshono kwa msasa hadi ukawa mstari mmoja mnyoofu.

Pembeni mwa modeli liliwekwa bango lenye mchoro wa samaki mzima katika vivuli vitatu: cheusi kwa kilichohifadhiwa katika mfupa wa Dunkleosteus mwenyewe, kijivu kwa kilichokisiwa kutokana na jamaa waliohifadhiwa vizuri, na cheupe kwa kilichochaguliwa kwa sababu fundi alilazimika kuchagua. Rangi yote ya mwili imo katika cheupe. Mwalimu alipendekeza cheupe kiondolewe ili bango lisipunguze imani ya wanafunzi, nami nilishikilia kibaki, kwa maana mwanafunzi wa kidato cha nne ana haki ya kujua ni wapi sayansi ilikoma na mkono wa binadamu ukaanza.

Shule imekwisha kuagiza modeli ya pili, ya Coccosteus, iwekwe kabati moja na ya kwanza kwa uwiano uleule wa 1 kwa 5, hivyo haitafika hata sentimita 10. Fundi ameshaanza udongo wake, na safari hii hataweka boliti popote, kwa sababu mwili wa Coccosteus umehifadhiwa kuanzia kichwani hadi mkiani.